Mashine Iliyolala Stoo Haiamshwi kwa Kamba

Ukizunguka nyuma ya nyumba za wavuvi Kilwa Kivinje, Kilindoni au Kipumbwi, hukosi kuiona: mashine ya boti imeegemezwa ukutani, imefunikwa turubai lililochanika, na kuku wamejifanyia makao chini ya propela. Mwulize mwenyewe, atakwambia imekufa. Mwulize imekufa kwa ugonjwa gani, hapo atababaika, maana siku ya mwisho ilirudi pwani inafanya kazi. Pengine mtumbwi ulitoboka. Pengine mwenye mali alifariki na warithi hawajaelewana. Au kusi ilivuma, mashine ikapandishwa nyumbani kungoja bahari itulie, ikasahauliwa huko miaka na miaka.

Nyingi ya mashine hizo hazijafa. Zinauawa siku ya kuamshwa. Vijana wenye nguvu zao wanaibeba hadi kwenye boti, wanamimina petroli mpya juu ya ile iliyolala humo miaka yote, kisha mmoja anakanyaga tezi na kuvuta kamba kama anayegombana nayo. Ringi zilizogandana na ukuta wa silinda zinavunjika. Mapanga ya mpira ya pampu ya maji, ambayo yamekauka, yanakatika. Mashine ambayo ingepona kwa plagi mbili na kikombe cha oili sasa inadai bloku nzima, na hapo ndipo neno la mwenyewe kwamba imekufa linapokuwa kweli.

Nazungumzia hasa mashine za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Ndizo zilizozoeleka pwani yetu: Yamaha Enduro za nguvu farasi 15, 25 na 40, pamoja na wenzao kina Tohatsu, Suzuki na Mercury. Yamaha walitoa mashine yao ya kwanza ya boti, waliyoiita P-7, mwaka 1960. Wakati huo ilikuwa imepita nusu karne tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, aanze kuuza za kwake mjini Milwaukee mwaka 1909. Jina la Evinrude lenyewe liliondoka kiwandani mwaka 2020. Na huko Marekani na Ulaya sheria za moshi zimezitoa madukani mashine mpya za mipigo miwili zenye kabureta.

Huku kwetu bado zinauzwa, na sababu haijifichi. Hazina kompyuta. Kichwa cha silinda hakina valvu, ndani hamna kamshafti wala mkanda wa kurekebishwa. Mtu mwenye spana namba 10, 12 na 14, bisibisi na subira anaweza kuifungua kabureta, pampu na mfumo wa moto chini ya mkungu asubuhi, na akawa ameshafunga kabla ya alasiri. Moshi wake ni mwingi na petroli inakunywa kweli, hilo silitetei. Lakini kwa mtu aliye kisiwani, mbali na duka la spea na mbali zaidi na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya injini, mashine anayoweza kuifungua mwenyewe ina thamani ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Kabla ya kushika spana ni vizuri kujua mashine ilifanyiwa nini na muda huo wote. La kwanza ni chumvi. Mtu hudhani mashine ikishatoka baharini imepona chumvi, kumbe imeondoka nayo. Chumvi iliyobaki kwenye njia za maji inavuta unyevu hewani na kuendelea kula bati la alumini usiku na mchana, hasa pale bolti ya chuma ilipopita ndani ya alumini. La pili ni petroli. Ikikaa, sehemu zake nyepesi hupaa, na kinachobaki huungana na hewa kikawa utomvu wa rangi ya kahawia wenye harufu kama ya vanishi. Haihitaji miaka. Mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilipokubaliana kuupumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mashine nyingi zililala miezi mitatu mfululizo, na miezi mitatu katika joto letu inatosha kabisa kuziba tundu dogo la kabureta iliyoachwa na mafuta ndani. La tatu ni mpira: bomba la mafuta, puto la kupampia, kiwambo cha pampu ya petroli, impela ya maji. Vyote hivyo hukakamaa au kupasuka bila hata kuguswa.

Namna ya kulaza nayo ina neno lake. Mashine inatakiwa isimamishwe wima kwenye kigogo au fremu, maji yote yatoke kwa chini. Iliyolazwa mguu ukiwa juu kuliko kichwa huyarudisha maji ya chumvi kwenye silinda kupitia njia ya moshi, na hiyo ndiyo ambayo fundi akiifungua hukuta pistoni imeota kutu.

Sasa kazi. Vua kava, tazama, nusa. Ukikuta nyumba ya manyigu usishangae, na panya wanapenda sana kutafuna nyaya. Piga picha kwa simu kila pembe kabla hujachomoa waya hata mmoja. Mafundi wa zamani walikuwa wanafunga nyuzi za rangi kukumbuka waya gani ulitoka wapi, siku hizi simu imeondoa kazi hiyo, na sioni sababu ya kijana kuona haya kuitumia. Fungua plagi zote. Plagi ni shahidi. Ikitoka na masizi meusi yenye mafuta, si tatizo, ndivyo ilivyokuwa siku ya mwisho. Ikitoka na kutu kwenye ncha, basi maji yaliingia, na kuanzia hapo unakwenda pole maradufu.

Mimina oili kwenye matundu ya plagi, kiasi cha vijiko viwili kila silinda, uache ilale usiku kucha. Asubuhi shika flaiweli kwa mikono miwili uizungushe taratibu, ukifuata saa inavyokwenda, wala usiirudishe nyuma, maana mapanga ya impela yamekwisha kulala upande mmoja na ukiyapindua unayavunja. Ikizunguka, umeshavuka nusu ya hofu. Utasikia kila silinda ikipumua kwenye tundu lake la plagi.

Isipozunguka, wengi hukata tamaa au hukasirika, na hasira ndiyo mbaya zaidi. Mashine imenoki, lakini kunoki kwa kulala si sawa na kunoki kwa joto. Iliyonoki kwa joto ikiwa kazini imeyeyusha pistoni na kukwangua silinda. Iliyonoki kwa kulala imeshikwa tu na kutu nyembamba na oili iliyogeuka gundi. Mafundi humimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia ya otomatiki, nyepesi na yenye kupenya, wakajaza silinda na kuacha. Siku mbili, siku nne, juma zima. Kila siku wanaongeza kidogo, kisha wanatia spana kwenye nati ya flaiweli na kuisukuma pole kwa kufuata saa, bila bomba la kurefusha mkono na bila nyundo. Siku moja flaiweli inasogea upana wa ukucha. Hapo unaacha, unaongeza mchanganyiko, unakwenda kula. Anayeikazania siku hiyohiyo kwa sababu ameona dalili ndiye huvunja ringi.

Ikigoma kabisa unavua kichwa cha silinda, na hapo adui ni bolti. Bolti iliyokaa kwenye alumini yenye chumvi kwa miaka haifunguki kwa nguvu, inakatika. Ipashe moto alumini inayoizunguka, siyo bolti yenyewe, igonge kidogo kichwani, irudishe kidogo mbele kabla ya kuileta nyuma. Bolti moja iliyokatika ndani inaweza kugharimu kazi ya siku mbili na safari ya kwa mchonga vyuma. Na hakikisha huo moto hauko karibu na tangi wala bomba la petroli, jambo ambalo ningeona haya kuliandika kama watu wasingeunguzwa nalo.

Flaiweli ikishakuwa huru, tafuta moto wa plagi. Weka plagi kwenye kofia yake, igusishe bati la injini vizuri, mbali na tundu la silinda ambako mvuke wa petroli unaweza kudaka, kisha vuta kamba. Hapa sasa kamba inaruhusiwa, maana silinda zina oili na plagi ziko nje. Cheche iwe ya buluu na yenye mlio. Ikiwa ya manjano na dhaifu, anza na vitu rahisi: plagi mpya, kofia iliyoota kutu ndani, waya wa kuzimia uliogusana, swichi ya kamba ya usalama ambayo klipu yake haipo. Mashine za zamani zaidi zina pointi chini ya flaiweli, nazo hupona kwa msasa mwembamba na kitambaa kisafi. Za baadaye zina kisanduku cha CDI. Hicho hakitengenezeki, na usivute kamba plagi ikiwa inaning'inia hewani, maana umeme unaokosa pa kwenda unaweza kukiua kilichokuwa kizima.

Kabureta ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Ukifungua bakuli lake la chini utakuta shapo la kahawia au kijani, pengine limegeuka ngozi unayoweza kuibandua kwa ukucha. Floti imeganda. Sindano inayofunga mafuta imenasa kwenye kiti chake. Jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo katikati, ukikiinua kwenye mwanga wa jua huoni kitu upande wa pili. Hapo vijana wanachukua waya wa chuma na kuchokonoa. Wasifanye hivyo. Tundu hilo limepimwa kiwandani, ukilipanua kidogo tu mafuta yanazidi, ukilikwangua yanakwenda upande. Loweka vipande vyote kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, puliza kwa upepo wa mashine ya kujazia matairi, loweka tena. Kikigoma, uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme unatosha, kwa kupenyeza bila kusugua.

Kwenye mashine ya mipigo miwili jeti iliyoziba ina hatari kubwa kuliko kwenye pikipiki ya mipigo minne. Oili haina njia yake peke yake, inafuatana na petroli. Kwa hiyo petroli ikipungua kwa sababu ya uchafu, ulainisho nao umepungua, na joto limepanda kwa wakati mmoja. Mvuvi anasikia mashine yake inakwenda kasi na nyepesi, anafurahi kwamba fundi ameiamsha vizuri, na dakika kumi baadaye pistoni imeshika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosafisha kabureta nusunusu mradi mashine imewaka. Kuwaka si kupona. Na dalili ni rahisi kuitambua: mashine inayokubali kukimbia choki ikiwa imevutwa tu, ukiirudisha inazima, inakwambia jeti ndogo bado imeziba.

Baada ya hapo fuata njia ya mafuta kurudi tangini. Tangi lisafishwe, siyo kumwagwa tu. Maji hukaa chini ya petroli, na bomba la kunyonyea nalo liko chini, kwa hiyo kitu cha kwanza mashine itakachokunywa ni hayo maji. Bomba lililokakamaa ukilikunja likaonyesha nyufa, tupa. Puto la kupampia likibonyezwa likabaki limebonyea, tupa pia. Pampu ya petroli ya mashine hizi husukumwa na pumzi ya injini yenyewe ikisukuma kiwambo chembamba, na kiwambo hicho ni cha bei ndogo kiasi kwamba kubakiza cha zamani ni ubahili usio na faida.

Impela ya maji nayo usiijadili. Mpya. Ile ya zamani, hata kama inaonekana nzima, imekaa miaka ikiwa imekunjwa ndani ya nyumba yake na mapanga yamebaki yamepinda. Shusha mguu, fungua pampu, hesabu mapanga ya impela unayoitoa. Likipungua moja, lazima ulitafute kwenye bomba la kupandisha maji, maana kipande hicho kitasafiri na kwenda kuziba njia juu, mahali usipopaona. Ukiwa hapo, fungua na tamostati, kama mashine yako inayo, uone kama haijaganda kwa chumvi.

Gia haina maneno mengi. Fungua skrubu ya chini uitazame oili inayotoka. Nyeusi, sawa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Kujaza ni kwa tundu la chini hadi oili itokee ya juu, ili hewa isibaki ndani.

Mchanganyiko wa mafuta umeleta ubishi mwingi vijiweni kuliko mpira wa Simba na Yanga. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Mashine nyingi za Enduro na wenzake hutumia sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, maana yake mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Baada ya kubadilisha pistoni au ringi, mafundi hutumia 1 kwa 25 mwanzoni, yaani mililita 800 kwa dumu hilohilo. Chupa ya maji ya nusu lita ni kipimo kizuri kuliko jicho: ikijaa oili inatosha lita 25 za petroli. Oili yenyewe iwe ile ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji, yenye alama TC-W3. Oili ya pikipiki haikukusudiwa injini inayopozwa na maji ya bahari, na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa ni sumu, hata kama jirani anaitumia tangu mwaka jana na bado anavua.

Kuiwasha mara ya kwanza ni kwenye pipa, nje ya nyumba, penye upepo, maana moshi wake unaua ndani ya chumba. Pipa liwe na maji ya kisima yanayofunika lile bapa lililo juu ya propela. Wapo wanaoiwasha kavu "sekunde tu, kusikia mlio". Sekunde hizo ndizo zinazoikaanga impela mpya uliyotoka kuinunua. Pampu puto hadi liwe gumu, gia katikati, choki imevutwa, kisha kamba: kwanza ivute pole hadi uhisi imeshika, ndipo uivute kwa nguvu. Itatoa moshi mzito, hiyo ni oili uliyoilaza silinda, itaisha. Macho yako yasiwe kwenye moshi, yawe kwenye tundu la nyuma linalotema maji. Maji yasipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Yakitoka, iache iungurume dakika kumi kwa mwendo wa chini, kisha zima, ipoe, fungua plagi uzisome tena.

Si kila mashine inastahili kazi hii. Bloku iliyoliwa hadi njia ya maji imetoboka kuingia silinda, mguu uliopasuka, shafti iliyokwanguka kwa kutu, hizo ni za kuuziwa mafundi wakatoe spea. Na ukitaka kununua mashine iliyolala ya mtu mwingine, kitu cha kwanza kutazama ni namba yake kwenye kile kibao cha bano linaloshika boti. Wizi wa mashine ziwani na baharini ni mkubwa, na mashine yenye namba iliyokwanguliwa imemwachia mvuvi mwenzako hasara mahali fulani. Iache hapohapo ilipo, hata ikiuzwa kwa bei ya bure.

Ujuzi huu kwa kiasi kikubwa unapita mkono kwa mkono, fundi na msaidizi wake. Vipo pia vyuo vya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, kama kile cha Mbegani karibu na Bagamoyo, kilichojengwa kwa msaada wa Norwei. Serikali nayo imewahi kutoa ruzuku za injini za kupachika kwa vikundi vya wavuvi. Kwa maoni yangu, kila mashine inayotolewa kwa kikundi ingefuatana na impela ya akiba, seti ya plagi na siku mbili za mafunzo ya namna ya kuilaza: kuisuuza kwa maji baridi, kuchomoa bomba la mafuta ikaunguruma hadi ikaushe kabureta, kutia oili kwenye silinda, kuisimamisha wima. Gharama yake ni ndogo, na ingepunguza sana idadi ya zile zinazofunikwa maturubai.

Kwa wewe uliyeiwasha yako ikaitika, siku ya kwanza usivuke mwamba. Zunguka karibu na bandari, mbele ya macho ya watu, na umwambie mtu wa pwani umekwenda wapi na unarudi saa ngapi. Vaeni maboya ya kujiokolea. Chukueni makasia au tanga, nanga yenye kamba ya kutosha, plagi za akiba na spana yake, na maji ya kunywa kuliko mnayodhani mtahitaji. Kila baada ya muda geuka utazame kama maji bado yanatoka. Mashine ikizima hata mara moja bila sababu mnayoijua, msiijaribu tena kuelekea nje. Rudini kwa kasia, mkaifungue kabureta upya.